Amerika Iko Mteremkoni

Safari ya mama ya kwenda Amerika na kurudi ilitugharimu ng'ombe mmoja aliyekuwa na mimba, koti la harusi la baba, jeki moja ya lori, blanketi moja zito, na redio ambayo baba mdogo hakuwahi kuifungulia hata taarifa ya habari. Harambee ya kanisa siihesabu, maana ilitoka mifukoni mwa watu, na watu hupenda kujihesabia wenyewe. Hivyo vingine nimevihesabu mara mbili. Viwili vya kwanza viliuzwa ili mama aende. Vitatu vya mwisho viliachwa ili mama arudi, na aliyewashawishi wenyewe waviache nilikuwa mimi, mtoto wa darasa la nne, mwenye gambuti za kaka yake na uhakika mkubwa kuliko kichwa chake.

Yote yamenirudia kwa sababu ya harufu. Juzi nilifungua robota la mitumba kwenye kibanda changu pale Merigi, na kabla sijachagua zile nzuri za juu, harufu ya dawa ya nondo ikanipiga puani. Katikati ya masweta likatoka blanketi la kahawia, zito kama ndama aliyenyeshewa. Mama mmoja akalishika upande wa pili na kuanza kunishusha bei kabla sijaitaja. Mteja wa namna hiyo huwa namwombea aje kila siku. Lakini nilijisikia nikisema, "Hili siuzi."

Jirani yangu anayeuza viatu akageuka. "Wewe? Huuzi? Uko na homa?"

Sikuwa na homa. Ile ilikuwa harufu ya sanduku la mama.

Mama alikuwa muuguzi katika hospitali ya Longisa. Alitoka nyumbani na giza, viatu vyake vyeupe vikiwa ndani ya mfuko, na hakuvivaa mpaka afike mahali ambapo tope limekwisha. Mwaka huo kanisa likampatia nafasi ya kusomea utunzaji wa watoto wachanga katika chuo kimoja karibu na Chicago. Mwaka mmoja, halafu arudi. Sisi watoto tungebaki na baba pamoja na kogo, yaani bibi yangu mzaa baba.

Kogo aliuza mboga za managu sokoni, na ndiye aliyenifundisha biashara kabla sijafundishwa kusoma. Mafunzo yake yalikuwa machache. Usiwe wa kwanza kutaja bei. Ukilazimika kuitaja, itaje ukitazama kando, kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. Na usimwambie mtu kwa nini unakitaka kitu, kwa sababu ile sababu yako ndiyo itakayopandisha bei. Hilo la mwisho nililishika kuliko chochote nilichofundishwa Jumapili, na ndilo lililonifanya nikae na hesabu yangu mwaka mzima bila mtu yeyote kuikagua.

Tiketi ilikuja na baba kutoka Nairobi, ndani ya lile koti la harusi, wiki moja kabla koti lenyewe halijageuka kuwa sanduku la kusafiria. Kilikuwa kijitabu chembamba, na kila ukurasa ulikuwa na mgongo mwekundu wa kaboni uliopaka vidole. Tulinawa mikono kabla ya kukishika, na tukalazimika kunawa tena baada ya kukishika. Pamoja nacho kulikuwa na karatasi ya saa za ndege. Hiyo baba alinipa mimi, kwa kuwa hesabu zangu shuleni zilikuwa zinatembea.

"Msomee kogo wako," alisema. "Mwambie mama yako atakaa hewani muda gani."

Kutoka Nairobi hadi London ilikuwa ni kupanda usiku na kushuka alfajiri, na hiyo hatukujisumbua nayo. Usiku ni usiku. Hata kitandani mtu hajui umekwenda wapi. Kazi ilikuwa London hadi Chicago, viwanja viwili vya ndege vya mbali ambavyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekuwa amekanyaga hata kimoja. Karatasi ilisema ndege inatoka London saa nne asubuhi na inafika Chicago saa saba mchana, siku hiyohiyo.

"Masaa matatu," nikasema.

"Matatu tu?" Kogo aliacha kuchambua managu. "Si hata Nakuru unaweza kumaliza hayo barabarani?"

"Inategemea umepanda gari gani," baba akajibu, kama mtu aliyesaidia kuiunda ile ndege. "Nchi za wazungu zimeshikana, mama. London na Amerika ni kama Merigi na Longisa."

"Basi aende. Mimi nilidhani ni mbali."

Wakaingia kwenye maneno ya sanduku. Mimi nikageuza karatasi upande wa kurudi. Kutoka Chicago, saa kumi na mbili jioni. Kufika London, saa mbili asubuhi. Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena kwa punje za mahindi. Masaa kumi na manne. Viwanja ni vilevile, mama ni yuleyule. Kwenda matatu, kurudi kumi na manne.

Mtoto wa nchi tambarare pengine angedhani karatasi imekosewa. Lakini mimi ni mtoto wa milimani, na kwetu hakuna safari ambayo kwenda na kurudi kunalingana.

Jirani yetu aliitwa Baba Adhiambo, mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa amepanga vyumba viwili kando ya shamba letu la chai. Aliendesha lori. Aliteremka hadi karibu na Fort Ternan na kabichi, akapanda na miwa ya kutafuna. Likizo moja alitubeba mimi na binti yake. Kuteremka kulikuwa kama kumwagwa kutoka kwenye ndoo. Kabla hatujamaliza wimbo mmoja, masikio yalikuwa yameziba na joto limetukuta. Kurudi kulikuwa kitu kingine. Lori lilinguruma, likalia, likatoa moshi, na tanboi, msaidizi wa dereva, alishuka akatembea kando yake akiwa na kipande cha mti cha kuzuia tairi, na bado alitutangulia kufika kwenye kona. Palipokuwa na mlima mkali zaidi Baba Adhiambo alisimama, wakashusha nusu ya miwa kando ya barabara, wakamwacha tanboi ailinde, na sisi tukaendelea. Tulifika nyumbani tukiwa tumelala na kuamka na kulala tena.

Kwa hiyo nilipoona matatu na kumi na manne, nilielewa papo hapo. Amerika iko mteremkoni.

Na maneno ya watu wazima yaliniunga mkono. Si mtu wa kwetu anashuka Kisumu na kupanda Kericho? Na kuhusu mama, kila mtu alisema ndege yake itashuka Chicago. Nilisikiliza kwa makini siku kadhaa. Hakuna hata mmoja aliyesema itapanda Chicago.

Kilichonitisha hayakuwa yale masaa. Ilikuwa ile miwa iliyoachwa kando ya barabara.

Nikamwendea Baba Adhiambo akiwa chini ya lori lake, miguu tu ikionekana.

"Baba Adhiambo, kwani mlima ukiwa mkali ni lazima kushusha mizigo?"

"Mlima hauangalii sura, nyathina." Ndivyo alivyotuita watoto wote, wake na wa wenzake. "Unaangalia uzito."

"Na kama ni abiria?"

"Wanateremka, wanatembea mpaka juu. Wakifika wanapanda tena."

"Na kama hawawezi kuteremka?"

Mkono ukatokea chini ya lori. "Basi wangejipunguza kabla ya kuanza safari. Nipatie hiyo spana."

Nikampa spana. Nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta, na bila kutaja sababu.

Wiki ya mwisho tukafanya maombi ya kumuaga mama. Pasta aliomba mpaka watoto wawili wakalala na kuku mmoja akaingia ndani na kutoka. Mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, ikapita, chai ikapita, halafu ikaja kazi yenyewe. Kwetu mtu akisafiri mbali, unamshika mkono wa kuagana na huuachilii mpaka umetaja unachotaka. Hawakusema kwa sauti. Waliinama sikioni kwa mama kama wanaomwombea tena. Lakini mimi nilisimama nyuma ya kiti chake, na masikio yangu yalikuwa mazima.

Kogo alitaka blanketi la kule kwenye barafu, "lile ambalo baridi ya hapa italiogopa." Baba mdogo, ndugu yake baba aliyekuwa bado hajaoa, alitaka redio kubwa ya kaseti mbili. Baba Adhiambo alitaka jeki. "Jeki ya Amerika haichoki," alimwambia mama, na mama akaitikia kwa kichwa. Mama hakujua kusema hapana. Kila mmoja alimwambia "nitaona", na kwetu "nitaona" ni ndiyo iliyovaa sweta. Mimi nilisimama pale nikiona lori likijazwa.

Nikaanza na baba mdogo, kwa kuwa ndiye mwepesi.

"Baba mdogo, redio ni ya nini?"

"Ya mpira. Ya nyimbo. Na ya kuonekana."

"Ukipata mtu wa kukuletea matokeo ya mpira kutoka dukani kila Jumamosi?"

"Mtu gani?"

"Mimi."

"Na nyimbo?"

"Nitaimba."

"Utaimba!" Alicheka mpaka akashika mlango. "Na ya kuonekana je? Utanining'inia begani?"

Hapo nikatazama kando, nikaangalia mawingu. "Redio utaiacha nyumbani. Lakini kalamu ya Amerika ukiweka hapa mfukoni, itaonekana kanisani, itaonekana sokoni, itaonekana mpaka kwa wale wasichana wa kwaya."

Akaupapasa mfuko wa shati. Wakati huo kulikuwa na msichana mmoja wa kwaya.

"Kalamu mbili," akasema.

"Moja."

Kalamu ya pili haingeishinda ndege, hata mimi nilijua hivyo. Lakini huwezi kukubali bei ya kwanza.

Kogo alikuwa mgumu. Nilimkuta jikoni, nikamwambia blanketi la Amerika halijui moshi wetu, litaharibika bure. Akaacha kuchochea moto.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Sababu ni nini?"

"Hakuna sababu."

Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Aliijua ile mali. Ilitoka dukani kwake. "Haya, lakwet," akasema, na hilo kwetu ni mtoto. "Unanipa nini?"

"Nitalala na wewe mwaka mzima. Nitakupasha joto."

"Una miguu ya baridi."

"Nitavaa soksi."

"Na unapiga mateke."

"Nitalala upande wa ukuta."

Tulipofika mwisho, blanketi lilikuwa limekuwa kitambaa cha kichwa, na mimi nilikuwa nimejikodisha kwa mwaka mmoja kama blanketi. Nilijiona mshindi. Mimi ningebaki Merigi, na kwa hiyo sikuwa na uzito wowote kwa ndege.

Ikabaki jeki, ambayo ndiyo iliyokuwa ikininyima raha.

"Jeki ni chuma, Baba Adhiambo."

"Ulitaka iwe ya mbao?"

"Kofia je?"

"Kofia inainua lori?"

"Inainua dereva."

Alicheka, akaniangalia, akacheka tena, halafu akasema sawa, kofia. Hakudai kitu. Hilo liliniudhi kidogo, kwa sababu kitu ukipewa bila kubishana hujui kama umekipata kweli. Nikasimama tu pale. Akafuta mikono kwa kitambaa, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Nyathina, unamwogopea mama yako nini?"

"Gari likishindwa na mlima, mtu anaweza kuachwa?"

Nafikiri alidhani nazungumzia gari la kumpeleka Nairobi. "Mtu haachwi," akasema. "Mzigo ndio unaachwa, na hata huo tunaurudia. Umewahi kuona nimeacha mtu?"

Sikuwa nimewahi. Siku hiyo nilikula chakula chote.

Ikabaki mama mwenyewe. Alfajiri ya kuondoka alikuwa ameketi juu ya sanduku ili lifungike, na baba anahangaika na kufuli. Nikamkaribia.

"Mama, huko usile sana."

Akanitazama. Akalitazama sanduku lililobonyea chini yake. Akainuka polepole.

"Nimenenepa?"

"Hapana. Bado."

Kogo alitoka nje ghafla, na tukamsikia akimcheka mtu ambaye hakuwepo. Baba akafunga kufuli bila kuinua kichwa. Mama alinivuta, akanibusu kwenye paji la uso, akasema mtoto huyu ana maneno, na akaenda. Harufu ya dawa ya nondo ilibaki chumbani siku tatu. Nilikuwa naingia kuinusa wakati hakuna mtu.

Mwaka ulikwenda. Nilibeba matokeo ya mpira kutoka dukani hadi kwa baba mdogo, na njiani nilikuwa naongeza goli moja au mawili ili asisikitike. Akaniita Redio. Jina likanifuata mpaka shuleni, na wapo walioniita hivyo mpaka tukamaliza darasa la nane. Usiku nililala upande wa ukuta na soksi zangu. Kogo alilalamika kwamba blanketi lake linakoroma, lakini nilipopata mafua na kutaka kurudi kitandani kwangu alikataa kabisa, akasema mapatano ni mapatano.

Katikati ya mwaka ikaja picha. Mama amesimama kwenye theluji, amevaa koti refu, mashavu yamejaa kama ya mtu anayepuliza moto. Nyumba nzima ilishangilia. "Angalia alivyong'aa!" "Amerika imempenda!" Baba aliizungusha ile picha kwa majirani wote. Mimi niliyatazama mashavu na kuona miwa. Nilimwomba baba amwandikie mama atembee kwa miguu kila siku. Baba akaandika kwamba watoto wanamkumbuka.

Siku ya kurudi ilipofika, baba alikwenda Nairobi na pikapu ya kukodi. Sisi wengine tulisimama kwenye njia panda, nyimbo zikiwa tayari kooni. Kogo alikuwa na kibuyu cha mursik. Baba mdogo alikuwa amevaa shati lenye mfuko. Baba Adhiambo aliegesha lori na kuja na familia yake yote. Mimi nilikaa juu ya jiwe, na kwa moyo wangu wote nilikuwa naisukuma ndege. Niliogopa kwamba baba atarudi peke yake na maneno: mama yenu yuko chini, wanampandisha wiki ijayo.

Pikapu ikatokea. Mlango ukafunguka, na akatoka mama mmoja na nusu.

Walimrukia wote. Kogo alimwonjesha mursik na kulia palepale, wanawake wakapiga vigelegele, na kutoka nyuma ya pikapu wakashusha masanduku mawili, yote mazito, na boksi moja lililofungwa kwa kamba. Mimi sikutoka juu ya jiwe. Nilikuwa nahesabu. Mama huyu, na masanduku yale, na boksi? Nikahesabu tena. Haikuwezekana.

Mama akanifikia. "Huji kunisalimia?"

"Mmeacha nini njiani?"

"Njiani wapi?"

"Mlimani. Mkipanda."

"Mlima gani, mama?" Ndivyo alivyoniita akiwa na huruma, jina lake mwenyewe.

Basi ikanitoka yote. Masaa matatu na masaa kumi na manne, mteremko, miwa, tanboi, kalamu, soksi. Niliyasema kwa Kiswahili ili majirani wote wasikie, kwa sababu nilitaka mtu mmoja kati yao, yeyote, aniambie nimekosea wapi. Halafu Baba Adhiambo akaanza kucheka, akaketi chini kwenye nyasi, na baada ya hapo hakuna aliyebaki amesimama vizuri.

Mama hakucheka kwanza. Alikunja mkono wa sweta akanionyesha saa yake. "Hii sikuibadilisha mwaka mzima," akasema. "Niliiacha kwa saa za nyumbani, ili nijue mko shuleni, mnakula, mmelala. Jua likiwa hapa kwetu utosini, kule bado ni usiku, wamelala. Kila uwanja unaandika saa za jua lake mwenyewe. Ukitoa ya mmoja kwa ya mwingine unapata uongo."

"Uongo wa nani?" nikauliza. "Wa matatu au wa kumi na manne?"

"Wote wawili," kogo akadakia, kabla mama hajafungua mdomo. "Mmoja anataja tatu, mwingine anataja kumi na nne. Huyo ni mnunuzi na huyo ni muuzaji. Hii ndege inauzwa katikati."

Baba, ambaye alikuwa akiutafuna ule mfano wake wa Merigi na Longisa kimya kimya, akajumlisha na kugawa kwa mbili kwa sauti. "Nane na nusu."

Mama aliangalia saa yake kana kwamba ingemsaidia kukumbuka. "Kwenda, kwa saa hii, yalikuwa tisa," akasema. "Kurudi, nane."

Kogo akaufunga vizuri mdomo wa kibuyu, kama mtu aliyemaliza kuuza. Mimi nilikuwa bado sijamaliza.

"Kwa nini kurudi ni machache?"

"Rubani alisema ni upepo. Kwenda unakusukuma usoni. Kurudi unakusukuma mgongoni."

Nikaipima hiyo mara moja, nikaipima mara ya pili. Mwaka mzima nilikuwa nimeupanga mlima upande usio wake. Mteremko ulikuwepo, lakini ulikuwa wa kuja nyumbani.

Hapo nikashuka kwenye jiwe na kumkumbatia, na mikono yangu haikukutana nyuma.

Ingekuwa vizuri iishie hapo, lakini baba mdogo naye alikuwa anapiga hesabu. Niliona midomo yake ikitembea. "Ngojeni kwanza," akasema. "Kwa hiyo ile redio ingekuja?"

"Nafasi ilikuwepo," mama akasema. "Mimi mwenyewe nilishangaa. Barua zinakuja, huyu anataka kalamu, yule kitambaa, yule kofia. Nikasema, watu wa Merigi wameokoka kweli. Nafasi iliyobaki nikajaza vitabu vya kazi na nguo za watoto wa wodini."

Wote wakanigeukia. Baba mdogo aliushika mfuko wa shati lake ambao ungekuwa na kalamu moja. Moja, tena kwa ubishi wangu.

"Mwaka mzima!" akasema. "Mwaka mzima nasikiliza mpira kwa mdomo wa huyu! Na nimesikia timu yangu ilikuwa inafungwa!"

"Mwacheni," kogo akasema. Hakupaza sauti, lakini sokoni hakuwahi kuhitaji kuipaza. "Mlitaja bei zenu wenyewe. Mtoto alikuwa ananunua mama yake. Ningekuwa mimi ningewakata zaidi."

Baba Adhiambo alikuwa wa kwanza kuvaa kofia yake. Aliivaa ikiwa na karatasi ya duka bado imening'inia, akapanda lori na kupiga honi mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia. Baba mdogo alinuna hadi Jumapili, kisha akaenda kanisani na kalamu mfukoni. Msichana yule wa kwaya ndiye mke wake hadi leo, kwa hiyo sioni anachodai, ingawa yeye anaona.

Haya ni ya zamani. Kogo hayuko tena. Mama amestaafu, anafuga kuku, na mwili ule wa Amerika ulimtoka wote ndani ya miezi miwili ya matope yetu. Nimezungumza sana juu ya blanketi, na wengine mtadhani hilo ndilo lililonifanya nisimulie haya. Lina sehemu yake. Lakini kuna lingine.

Binti yangu wa kwanza anaondoka mwezi ujao, kwenda kusoma na kufanya kazi upande uleule wa dunia. Siku hizi hakuna kaboni ya kupaka vidole. Alinionyesha safari yake kwenye simu, nami nikavaa miwani. Saa za kila nchi zimeandikwa, na masaa ya hewani wamekuhesabia wenyewe, hakuna pa kukosea. Nikasoma ya kwenda mpaka mwisho. Nikasukuma kidole nitafute ya kurudi.

"Hapo ndiyo mwisho, mama," akasema. "Ya kurudi sijanunua. Inanunuliwa huko huko, mtu akiwa tayari."

Nilimrudishia simu nikasema ni sawa. Baadaye nikaiomba tena, kwa kisingizio cha saa, nikasukuma kidole mara ya pili. Hakukuwa na kitu chini.

Sasa naomba ushauri, na kwa hili sitabishana na mtu. Ninyi wa rika langu ambao mmekwisha kusindikiza mtoto mwenye tiketi ya upande mmoja: mlipofika pale mlangoni ambapo msindikizaji haruhusiwi kupita, na yeye akageuka kuwatazama, mlimwambia nini?